Mstari wa Bluu Nilioufuta kwa Mdomo

Mama Viviane mpendwa, kila Jumamosi unawasaidia waliotendwa, leo nakuomba umsaidie mtenda, na usiniambie nipange foleni kwa sababu nina miaka sabini na miwili na foleni nimeshapanga za kutosha katika nchi tatu.

Jina langu usilitaje redioni. Mimi ni Mrundi, mjane, nakaa Nakivale, makazi ya wakimbizi, mtaa wa chini, ule ulio karibu na ziwa, nina jembe moja, redio moja na mdomo mmoja, na katika hivyo vitatu ni mdomo peke yake ambao haujawahi kuharibika, kumbe ndio ungeharibika kwanza ingekuwa nafuu kwa watu. Shule niliishia darasa la tatu, padri alinifukuza kwa kuiga anavyopiga chafya kanisani, kwa hiyo ukiona nukta zinakosekana mlaumu padri.

Jambo lenyewe ni maji. Mwezi wa nne mwaka huu mvua ilinyesha siku kumi na moja, si mvua ya zamani ile iliyokuwa inajua kalenda, hii ya siku hizi inakuja kama mgeni asiyebisha hodi na inaondoka na viti, na vile vilima vimebaki vipara basi udongo wote ukashuka ziwani, ziwa likajaa matope likakosa pa kuweka maji yake, likatuletea sisi. Maji yaliingia nyumba zote arobaini na moja za mtaa wa chini. Kwangu maharage yaliota ndani ya gunia. Uani kwa Mariette, yule Mkongomani anayetuuzia pombe ya ndizi, kiboko aliacha nyayo kubwa kama sufuria. Na kwa Doriane, mkamwana wangu, ambaye nyumba yake ndiyo ya chini kuliko zote, maji yalifika magotini, akamweka mtoto wake wa mwisho ndani ya beseni la kufulia na kulisukuma hivyo hivyo mpaka kwangu, mtoto anacheka, yeye analia, mimi nikasema huyu ndiye nahodha wa kwanza wa ukoo wetu. Watu wakacheka. Mimi nachekesha, Mama, ndiyo kazi yangu ya pekee isiyohitaji kibali.

Baada ya maji kurudi ofisi ya makazi ikasema mtaa wa chini uhame wote kabla ya mvua za mwezi wa tisa, twende kilimani upande wa Ngarama, mashamba tubaki nayo huku lakini tulale kule. Wakaja vijana wawili na kopo la rangi, kila nyumba iliyoingiliwa na maji wakaipaka mstari wa bluu ubavuni mwa mlango, wakasema tutarudi wiki ijayo kuhesabu mistari, kila mstari kiwanja kimoja. Ni maneno mazuri, lakini waliyasema kwa haraka na kwa Kiingereza, na aliyetafsiri alikuwa na njaa.

Ngoja, nimehamisha kiti, jua limenifuata. Siku hizi sikai mahali pamoja, nakaa nainuka, barua hii nimeianza nyumbani na sasa niko kwenye benchi la zahanati ingawa siumwi kitu.

Jioni ile tulikuwa kwa Mariette. Jirani yangu Gervais, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mkulima wa nyanya, mtu mwema lakini anajisifu hata kwa kupiga miayo, akaanza kunitambia.

"Muzee, mimi niko wa kwanza. Balianzia kwangu. Mustari yangu ni murefu kupita ya watu bote."

Mimi nikanywa kidogo nikamwambia, "Pole sana. Kule Tanzania pia walianza na wenye haraka."

"Walianza nini?"

"Mstari. Asubuhi mstari, jioni lori."

"Lori ya kwenda fasi gani?"

"Nyumbani. Kwani wewe ulidhani picnic?"

Mama Viviane, kule Tanzania hakukuwa na rangi. Kulikuwa na kipaza sauti kikituamuru turudi kwetu. Huo mstari niliuzaa palepale, kati ya funda la kwanza na la pili, ili Gervais anyamaze, na kweli alinyamaza. Hata nyanya zake hazijawahi kuwa na rangi aliyokuwa nayo usoni. Aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa nusu, na Gervais haachi pombe, akaenda zake, na benchi zima likamfuata mmoja mmoja, kila mtu anasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mtaa mzima una mbuzi saba.

Asubuhi nikaamka nikakuta wanawake wote nje wanasiriba kuta. Sisi tunasiriba kwa udongo na samadi na majivu kabla ya Noeli na Pasaka, basi, hakuna mtu anayesiriba mwezi wa saba katikati. Wengine walikwangua kwanza kwa jembe ndipo wakasiriba juu yake. Nikamuuliza Godeberthe, mama wa kikundi cha rozari, mikono yake imejaa samadi mpaka viwiko, kuna sikukuu gani mbona padri hajatuambia, akanijibu bila kunitazama, "Mungu anapenda nyumba safi siku zote, mzee." Nilicheka nikaingia ndani nikacheka tena. Nilijiambia jioni nitawaambia kuwa ilikuwa mchezo. Jioni nikaona utamu bado haujaisha, nikasema kesho. Kesho yake Rwakabuba akafika, mapema kuliko walivyosema.

Rwakabuba ni afisa wa makazi, Mnyankole, mtu mpole mwenye buti kubwa. Watu walisimama milangoni wamefunga mikono, hakuna aliyemkaribisha ndani. Alipita mtaa mzima, akarudi kwangu, akakuna kichwa.

"Mzee, hapa maji iliingia nyumba mingi. Mimi naona mistari tisa."

Nikanyamaza. Nakuapia ndiyo mara ya kwanza.

"Hii ingine watu wamefuta. Hawataki kuhama?"

Nikatazama buti zake.

"Sawa, sebo, mzee wangu. Mimi hapana lazimisha mtu. Naona tisa, naandika tisa. Ingine tutapatia mtaa ule mwingine, nao wanalia."

Katika ile tisa mstari mmoja ni wangu, minane ni ya waliolala mashambani, hawakusikia neno langu. Sikusiriba. Mimi ni mjane, sina wa kunisiribia, na uvivu wangu unajulikana. Basi nikapewa karatasi yenye muhuri, nikapelekwa kilimani kuona kiwanja, na ni kizuri, kina mti wa kivuli na bomba la maji liko karibu, nikasimama pale nikaliona ziwa lote chini linang'aa kama sahani, na nyumba ya Doriane kama punje ya mchele pembeni ya sahani.

Niliporudi habari ya kiwanja changu ilikuwa imeshafika. Gervais alinisubiri njiani, hakupiga kelele, ingekuwa heri apige.

"Venuste, ulitudanganya ili foleni ikuwe mufupi."

Nikasema hapana, ulikuwa mchezo. Akasema, "Mimi nimekimbia mara tatu na batoto mugongoni. Kwa mambo ya lori hatucheze." Tangu siku hiyo hanisalimu, na Mariette ananiuzia pombe lakini ananiwekea kikombe mbali kidogo, kama mtu mwenye kikohozi, ananiambia, "Papa, mutu mukubwa haweke uongo mu nyumba ya watu."

Wengine bado hawajui waamini lipi, wapo wanaosema mzee alisema kweli kwanza na sasa wamemlipa kwa kiwanja ili akane. Nikisema ilikuwa uongo, wanasema ndiyo uongo huo. Na mimi siwezi kuwalaumu, sisi wakimbizi karatasi inatutisha kuliko maji, maji hayajawahi kuniuliza nilizaliwa wilaya gani.

Lakini hayo yote ningeyabeba. Kinachonitoa kitini ni Doriane. Mwanangu Rénovat yuko Bwizibwera, anabeba makopo ya maziwa, anarudi mwisho wa mwezi, hajui kitu. Doriane alisiriba siku ileile tena vizuri kuliko wote, kwa sababu baba mkwe wake ndiye aliyesema, na mkamwana mwema anasikia neno la baba mkwe. Juzi aliniletea chakula, akakiweka chini kwa adabu, akasimama akitazama mlango wangu, ule mstari wa bluu, kisha akauliza swali moja tu.

"Baba, wewe hukusiriba?"

Nikaomba chumvi. Alikuwa ameshaweka chumvi.

Jana nilienda Mbarara nikanunua kopo la rangi ya bluu. Muuzaji, binti mmoja mcheshi, aliniuliza, "Mzee unapaka nini, mlango?" nikamwambia napaka mdomo. Alicheka. Mimi, kwa mara ya kwanza, sikucheka mzaha wangu mwenyewe.

Shauri langu ni hili, wewe niambie kama ni jema: kikao cha kufunga orodha ni Alhamisi ijayo, nataka nipite alfajiri, watu wakiwa shambani, niipake upya ile mistari thelathini na miwili iliyofutwa, mkono wangu hautetemeki sana, halafu niende kumwita Rwakabuba nimwambie njoo uone, imerudi. Hakuna atakayejua na hakuna atakayeumia. Au niiache karatasi yangu ofisini nimpe Doriane kiwanja, mimi nibaki huku na kiboko? Au ninyamaze, maana mvua nayo inaweza isije? Niambie upesi kwa sababu sasa niko kituo cha magari, naandika nimesimama, na mawingu ya upande wa ziwa yameanza kukaa kikao chao mapema.

Mimi niliyejificha,
Mzee wa Mtaa wa Chini, Nakivale


Mama Viviane anajibu:

Mzee uliyejificha, umenitajia mkamwana wako, mwanao, jirani yako, muuza pombe wako na afisa wako, kisha katikati ya barua Gervais akakuita kwa jina lako na wewe ukaliandika. Nilikupigia simu kuuliza kama niyafute majina yote. Ukanijibu, "Yaache, binti yangu, nimeshafuta vya kutosha." Kwa jibu hilo moja nimekusamehe nusu. Hiyo nusu nyingine tuiongee.

Kwanza kuhusu uvivu. Umeandika kwamba hukusiriba kwa sababu ni mjane mvivu. Mzee Venuste, mtu aliyetembea nchi tatu kwa miguu hashindwi na kiganja kimoja cha udongo. Hukusiriba kwa sababu wewe peke yako mtaa mzima ulijua kuwa hakuna lori. Doriane aliliona hilo kabla yangu, ndiyo maana aliuliza swali moja tu, na ndiyo maana ukaomba chumvi. Huo uvivu utupe, haukusaidii.

Sikuiti mwizi wa viwanja. Naamini ulikuwa mzaha, tena jioni ile mzaha huo ungeweza kufa pale pale kwenye benchi kwa neno moja, "Nilikuwa nacheza." Uliuona utamu bado upo ukasema kesho. Wewe unajua watu wako wanaogopa nini, ndiyo maana mzaha wako uliuma haraka hivyo. Uliichukua hofu ya watu waliokimbia na batoto mugongoni, kama asemavyo Gervais, ukaitumia kumnyamazisha mtu anayejisifu. Acha ajisifu. Ni nyanya tu.

Sasa kopo. Usipake hata mstari mmoja. Rwakabuba amepita amehesabu tisa kwa macho yake, leo akikuta arobaini na mmoja, yote kwa mkono mmoja wa mzee, atafuta yote pamoja na hiyo tisa ya kweli, na hapo utakuwa umezinyima kiwanja nyumba arobaini na moja badala ya thelathini na mbili. Tena watu wakirudi toka shambani wakute bluu imerudi yenyewe ukutani, wewe unafikiri watasema nini? Watasema lori limefika Mbarara. Kufuta ulifuta kwa mdomo, brashi haitakusaidia.

Kuhusu kumwachia Doriane kiwanja chako ukabaki na kiboko: hapana. Huo ni mzaha mwingine, ila umevaa shati la Jumapili. Kiwanja kimoja hakiwatoshi watu wa nyumba thelathini na mbili, na Rénovat akirudi na harufu ya maziwa akukute umekaa majini unasubiri kusifiwa, atakubeba kwa nguvu na utamvunja mgongo. Karatasi yako ishike. Wala kunyamaza usikutaje tena, maana mtoto wa beseni hataenea tena kwenye beseni mvua zijazo, ameshakua.

Fanya hivi. Jumapili watu wakitoka kanisani, nenda kwa Mariette, palepale uliposemea, mbele ya Gervais, na usimame, kwa sababu uongo uliusema ukiwa umekaa. Sema kwa maneno machache: mstari niliutunga, Tanzania hakukuwa na mstari, nilitaka Gervais anyamaze. Usiweke kichekesho mwishoni. Najua kitakuja chenyewe mpaka kwenye meno, kimeze. Wapo watakaosema umelipwa. Usibishane nao. Mwombe Gervais, yeye aliyeumia, na Godeberthe, ambaye kikundi chake cha rozari kinasikilizwa kuliko ofisi yoyote, wapande na wewe kilimani Jumatatu. Wakanyage wenyewe. Wafungue bomba waone kama linatoa maji au upepo. Watazame kama kuna lori limejificha nyuma ya ule mti wako wa kivuli. Mtu hahamii maneno, hata yawe ya serikali, anahamia mahali alipopaona.

Wakirudi ndipo mwende kwa Rwakabuba, Jumanne, msingoje Alhamisi. Mwambie alihesabu kuta za nje, na kuta za nje zilidanganya kwa sababu yako. Mwambie aingie ndani. Hakuna mwanamke aliyesiriba ndani, Mzee, nimewapigia simu watu wawili wa mtaa wenu kuhakikisha. Mle ndani, nyuma ya mlango, kwenye miguu ya vitanda, kwenye sanduku la nguo, maji yenyewe yalichora mstari wake, wa kahawia, na huo haukupakwa na ofisi wala haufutwi na mzaha wa mtu. Milango thelathini na miwili ifunguliwe siku moja na kila mwenye nyumba aonyeshe kwa kidole chake. Kwa Doriane wewe usiingie, adabu ya mkwe naijua na wewe unaijua, simama nje na kofia mkononi, yeye atamwonyesha afisa mwenyewe mahali maji yalipofika. Na umwombe Rwakabuba aseme mbele ya watu wote, polepole, kwa Kiswahili chake hicho hicho cha buti, kwamba hakuna anayerudishwa popote, kisha amtafute mtafsiri aliyekula.

Inaweza ikatokea ofisi ikakataa. Inaweza ikawa vile viwanja vimeshaahidiwa mtaa ule mwingine, na wao pia wanalia. Sitakudanganya, umedanganya vya kutosha kwa sisi sote. Kama viko vichache, mtaa wenyewe ukae uamue nani apande kwanza, mwanzie nyumba iliyo chini kuliko zote. Wewe, mwenye karatasi yenye muhuri, uwe wa mwisho kupanda. Si kwa ushujaa. Ni kwa sababu watu watakuwa wanakutazama miguu, na siku watakapokuona bado uko chini pamoja nao ndipo watakapoamini kuwa juu ni kuzuri.

Gervais asipokusalimu Jumatatu njia nzima, tembea naye hivyo hivyo. Akianza kujisifu kwamba kiwanja chake ni kikubwa kuliko vyote, ujue umesamehewa, na umwache amalize.

Kuhusu swali la Doriane. Umekaa nalo siku tatu sasa, na mvua haikungoji. Akikuletea chakula leo jioni mjibu kabla hujaonja: "Sikusiriba kwa sababu nilijua." Maneno manne. Yatakuchoma kuliko pilipili, lakini ataweza tena kusikia neno lako, na mwezi wa tisa utahitaji alisikie upesi.

Na hilo kopo la bluu usilirudishe dukani wala usilimwage ziwani, ziwa limebeba vya kutosha. Liweke chini ya kitanda chako, kwenye matofali, maji yasilifikie. Siku Doriane atakapolala usiku wake wa kwanza kule kilimani, asubuhi yake panda na brashi, umwombe ruhusa, umpakie mlango. Mlango wote.